Kabla Hujabonyeza 'Tengeneza', Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo tukae tuongee habari ya diski za kompyuta, maana swali lake linanijia kwa sura nyingi lakini kiini ni kilekile. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana tasnifu kwenye laptopu iliyoanza kuganda. Mpiga picha za harusi ana picha ambazo maharusi bado hawajakabidhiwa. Mweka hazina wa kikoba ana michango ya mwaka mzima kwenye faili moja la Excel. Wote walinunua kompyuta yenye waranti, na pamoja na waranti hiyo wakapewa programu ya kupima na kutengeneza diski. Sasa mambo yameharibika, kitufe cha kutengeneza kiko palepale mbele ya macho, na wanauliza kama wanaweza kukiamini.

Natanguliza jibu ili hata anayesoma akiwa kwenye daladala ashuke nalo. Programu hizi zinafaa sana kuthibitisha kwamba diski imeharibika. Kuokoa kilichomo ndani ya diski ni kazi nyingine kabisa, na kwa kazi hiyo usizitegemee. Ikikwambia diski inakufa, isikilize. Ikikwambia diski ni nzima, usijiachie. Na ikijitolea kutengeneza, isubirishe mpaka kazi zako ziwe zimeshanakiliwa mahali pengine.

Tuanze na karatasi ya waranti, ile ambayo wengi wetu tunaitia kwenye droo pamoja na risiti bila kuisoma. Waranti ya kompyuta ni ahadi juu ya kifaa. Masharti ya Apple yanasema waziwazi kwamba wakati wa matengenezo yaliyomo kwenye hifadhi yanaweza kupotea, kubadilishwa au kufomatiwa, na kwamba mteja ndiye anayetakiwa kuwa na nakala kabla ya kuleta mashine. Soma ya Dell, soma ya HP, utakuta mzigo wa data umewekwa kwenye bega hilohilo, bega lako. Diski ikifa ndani ya muda wa waranti, unapewa nyingine. Itafanya kazi vizuri, na itakuwa tupu. Kwa upande wa kampuni, mkataba umetimia. Hawajakudhulumu, ndivyo mlivyokubaliana siku ya kununua. Tasnifu yako haikuwemo kwenye makubaliano.

Sasa utaniuliza: dada, kama hawaahidi kuokoa data, kwa nini wananipa programu ya kutengeneza diski?

Mfano mzuri ni wa Apple, kwa sababu historia yake iko wazi. Miaka ya 2000, aliyenunua mpango wa AppleCare kwa ajili ya Mac alipata sanduku dogo lenye karatasi za mkataba na CD. Ndani ya CD hiyo kulikuwa na TechTool Deluxe, programu ya Micromat, kampuni ya California. Mpango wenyewe ulirefusha waranti kutoka mwaka mmoja hadi mitatu, na msaada wa simu kutoka siku 90 hadi miaka hiyohiyo mitatu. Watu walifurahia ile CD. Walihesabu kwamba wamenunua ulinzi, halafu wakaongezewa na zana ya ukarabati.

Lakini Micromat walikuwa na TechTool Pro pia, waliyoiuza peke yake kwa bei yake. Deluxe ilikuwa toleo lililopunguzwa. Ilipima kumbukumbu, ilipima diski, ilikagua muundo wa mafaili na kurekebisha makosa ya kawaida. Zana nzito za kuokoa mafaili ya diski iliyoanguka zilibaki kwenye Pro. Mimi naona jambo hilo linaeleweka ukifikiria nani alihitaji ile CD zaidi. Fundi aliyeko upande wa pili wa simu, maelfu ya maili kutoka kwenye mashine yako, anahitaji kujua kitu kimoja haraka: tatizo ni la kifaa au ni la programu? Kama ni la kifaa, waranti inahusika. Kama ni la programu, atakuelekeza cha kufanya. Ile CD ilimsaidia kupata jibu hilo, na kwa kazi hiyo ilikuwa nzuri.

Kulikuwa na shida ya pili, na hii ndiyo ninayotaka muitie akilini kwa sababu haijaisha mpaka leo. Programu ya kutengeneza diski inazeeka haraka kuliko waranti yenyewe. Inatakiwa ielewe kwa undani jinsi mfumo unavyopanga mafaili, na mpangilio huo hubadilika. Januari 1998 Apple walileta mfumo wa HFS Plus, na programu za zamani za kutengeneza diski, zilizojua ule wa kabla yake tu, zikawa hatari: zilikuta kitu zisichokielewa, zikakiona kuwa kosa, na zilipojaribu kukisahihisha zikakivuruga. Mwishoni mwa 2002 wakaongeza kumbukumbu ya mabadiliko inayousaidia mfumo kusimama tena baada ya kuzimika ghafla. Januari 2006 zikaingia Mac zenye prosesa za Intel, na CD ya kuwashia iliyotengenezwa kwa ajili ya prosesa za PowerPC haikuweza kuziwasha. Mwaka 2017 ukaja APFS, mfumo mpya kabisa. DiskWarrior ya kampuni ya Alsoft, ambayo watu wengi wa Mac waliiheshimu kuliko zote kwa miaka mingi, mpaka toleo lake la 5 haikuweza kuijenga upya orodha ya mafaili ya APFS. Ukiwa na waranti ya miaka mitatu na CD ya siku ya kwanza, mwaka wa tatu unaweza kuwa unatibu mashine ya leo kwa maarifa ya juzi.

Kwa hiyo kabla ya yote, angalia toleo la programu uliyopewa na toleo la mfumo wako. Kama programu haitaji kwamba inaufahamu mfumo ulionao sasa, usiiruhusu iandike chochote.

Sasa niwaeleze kinachotokea ndani, maana ukikielewa hutahitaji kukariri masharti. Fikiria ghala kubwa la nafaka lenye daftari moja mlangoni. Daftari linasema gunia gani liko safu gani. Diski nayo ina mafaili yenyewe, na ina orodha inayosema kila faili limelala wapi. Kuna maradhi ya daftari: kurasa zimechanika, mistari imeingiliana, gunia moja limeandikwa mara mbili. Magunia ni mazima ila hayapatikani. Na kuna maradhi ya ghala: paa limevuja, nafaka yenyewe inaoza. Programu za kutengeneza zinashughulika na daftari. Umeme ukikatika kompyuta ya mezani ikiwa katikati ya kuandika, na huna UPS, mara nyingi kinachoumia ni daftari, na hapo programu nzuri inaweza kukusaidia kweli. Lakini paa likiwa linavuja, yaani sehemu za diski zimeacha kusomeka, kuandika daftari upya hakuzuii nafaka kuoza. Tena kunaongeza hatari, kwa sababu kila programu inavyopekua na kuandika, ndivyo diski dhaifu inavyochoshwa, na yale masaa machache yaliyobaki, ambayo yangetosha kunakili tasnifu, yanakwisha kwa ukaguzi.

Shida ni kwamba kwa nje maradhi hayo mawili yanafanana. Laptopu inachelewa kuwaka, folda inafunguka polepole, faili linasema haliwezi kusomeka. Wewe huwezi kujua ni lipi kwa kuangalia tu. Ndiyo maana nasema nakala kwanza. Ukishakuwa na nakala, uwe ugonjwa wowote, huna cha kupoteza zaidi ya muda.

Kuna wanaoniambia: dada, mimi nimepima, imeandika kijani, diski iko sawa. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Diski nyingi zina mfumo wa kujichunguza unaoitwa SMART, na programu nyingi za waranti huuliza mfumo huo kisha kukuonyesha jibu kwa rangi nzuri. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini. Walikuta kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kali kuliko zote. Zilikufa zikiwa na cheti cha afya. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za watu, nao wakaangalia dalili tano wanazozitegemea, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba asilimia 23.3 ya diski zao zilizokufa hazikuwa na dalili yoyote kati ya hizo tano. Hesabu zinatofautiana kwa sababu vipimo vinatofautiana, lakini ujumbe wake kwako na kwangu ni uleule: jibu la 'nzima' halitoshi kukufanya ulale bila nakala.

Upande wa pili wa utafiti huohuo wa Google una neno zito zaidi. Diski iliyopata kosa lake la kwanza la usomaji wakati wa ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60, ukilinganisha na diski isiyo na kosa hilo. Kwa hiyo programu ikikupa onyo jekundu, usibishane nayo, usiirudie kupima ukitumaini itabadili mawazo. Siku hiyohiyo toa vitu vyako. Apple wenyewe, kwenye maelekezo ya Disk Utility, programu ya diski iliyomo ndani ya Mac, wanasema kwamba programu hiyo ikikwambia diski inakaribia kufa, weka nakala na ubadilishe diski, kwa sababu haitengenezeki. Napenda uwazi huo.

Wenye Windows msidhani nimewasahau. Siku hizi programu ya waranti haiji kwa CD. Dell wana SupportAssist, HP wana Support Assistant, Lenovo wana Vantage, na nyingi kati ya mashine zao zinatoka kiwandani zikiwa nazo. Kwa wenye mipango ya juu ya Dell, SupportAssist inaweza kugundua diski inayoelekea kufa na kufungua yenyewe ombi la huduma kwa kampuni. Hilo ni jambo la maana sana kwa ofisi yenye kompyuta nyingi na hakuna mtu wa kuzichungulia moja moja. Lakini kumbukeni kwamba programu hizi zina ruhusa kubwa ndani ya mashine. Mwaka 2019 mtafiti kijana wa Marekani, akiwa na miaka 17, alionyesha kwamba SupportAssist ya wakati huo ilikuwa na tundu ambalo mtu mbaya angeweza kulitumia kuendesha programu zake kwenye kompyuta ya mwingine. Dell walilirekebisha. Funzo la vitendo ni kuiweka programu hiyo kwenye toleo jipya daima, au kuiondoa kama waranti imekwisha na huitumii.

Kipimo ninachokipenda zaidi kwenye mashine hizi kiko nje ya Windows. Kwenye Dell, bonyeza F12 mara tu unapowasha, uchague uchunguzi wa vifaa. Kwenye HP nyingi ni F2. Kipimo hiki kinaendeshwa kabla Windows haijaamka, kwa hiyo hakichanganyi makosa ya Windows na ya diski. Diski ikishindwa unapewa namba. Dell, kwa mfano, wana 2000-0142, inayomaanisha diski imeshindwa jaribio lake la kujipima. HP wanakupa namba ndefu yenye herufi na tarakimu 24. Ipige picha kwa simu. Namba hiyo ndiyo lugha ya kituo cha huduma. Ukifika ukasema 'inaganda', utaambiwa uisakinishe Windows upya kwanza. Ukifika na namba hiyo na Service Tag, yaani namba ya utambulisho wa mashine yako ya Dell, mazungumzo yanakuwa mafupi. Hapo ndipo programu ya waranti inapokulipa thamani yake yote. Ila kipimo cha haraka kinatosha. Kile kirefu cha masaa kiache mpaka nakala iwe imetoka.

Kuna amri ya zamani ndani ya Windows ambayo mafundi wetu wanaipenda mno, chkdsk. Ukiiandika peke yake inasoma na kutoa ripoti, haigusi kitu. Ukiongeza /f inaandika masahihisho. Ukiongeza /r inapekua uso mzima wa diski kutafuta sehemu mbovu, kazi inayoweza kuchukua usiku mzima, na kwa diski inayokufa huo unaweza kuwa usiku wake wa mwisho. Tena vipande isivyojua ni vya faili gani inavitia kwenye folda iliyofichwa iitwayo FOUND.000, vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Nimeona watu wakitafuta sura ya tatu ya tasnifu humo ndani, faili moja baada ya jingine, bila jina wala tarehe. Amri hiyo inafanya kazi iliyotumwa: kuufanya mfumo wa diski uwe sahihi tena. Haikutumwa kujali kilichokuwa cha thamani kwako. Fundi akikwambia 'ngoja nipige chkdsk tuone', mwulize kwanza: nakala imeshatoka?

Basi nakala inatokaje wakati mashine inasuasua? Kama bado inawaka, usianze na kunakili kila kitu. Anza na vidogo visivyo na mbadala: tasnifu, hesabu, barua, hati za kiwanja ulizoskani. Tasnifu nzima ya maneno matupu inaweza kuwa megabaiti chache. Jitumie kwa barua pepe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Halafu picha, kwenye diski ya nje au flashi. Muziki na filamu ziache mwisho, au ziache kabisa. Faili likigoma, ruka uende kwenye lingine, usikae unalibembeleza. Usizime na kuwasha mara kwa mara ukijaribu bahati. Na usisakinishe programu yoyote ya kuokoa data juu ya diski hiyohiyo unayoitaka kuiokoa, kwa sababu unaweza kuandika juu ya kile unachokitafuta.

Kama Windows haiwaki tena lakini diski bado inaonekana, mpe fundi mwaminifu anayejua kuichomoa na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine. Mwulize kama anaifahamu ddrescue ya mradi wa GNU. Ni ya bure, na inafanya kazi kwa utaratibu ninaoutaka: inanakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi kwenda kwenye diski nyingine, inaandika pembeni ilikokwama, kisha inarudi kuzihangaikia sehemu ngumu baadaye. Ikisimamishwa inaendelea pale ilipoishia. Ukishapata nakala ya diski nzima, ukarabati wote unafanywa kwenye hiyo nakala, na ile ya asili inakaa kando haiguswi. Kwa mafaili yaliyofutika au orodha iliyovurugika kuna TestDisk na PhotoRec za Mfaransa Christophe Grenier, nazo za bure. PhotoRec inatambua mafaili kwa jinsi yalivyo ndani, kwa hiyo inaweza kukurudishia picha hata orodha ikiwa imekufa, ila majina ya mafaili yanapotea. Zana hizi za bure, mikononi mwa mtu mtulivu, nimeziona zikifanya kazi ambayo programu ya waranti haikuundwa kuifanya.

Diski ikianza kutoa sauti ya kugonga, tik, tik, tik, hapo zima. Usipime, usitengeneze, usinakili. Sauti hiyo mara nyingi ina maana kwamba kichwa cha kusomea kimeharibika, na kila dakika ya kuzunguka inaweza kukwangua uso uliobeba kazi zako. Hakuna programu duniani inayotibu hilo. Na tafadhali, asikudanganye mtu kwamba ataifungua mezani dukani. Kichwa kile hupita juu ya uso wa diski kwa nafasi ndogo kuliko punje ya vumbi. Inafunguliwa kwenye chumba maalumu kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa. Wewe ndiye utakayepima kama kilichomo kinastahili gharama hiyo. Kwa picha za mama aliyetangulia mbele ya haki, wengine watalipa. Kwa michezo ya kompyuta, acha iende.

Mwenye SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, asifikiri yamemkwepa. SSD haigongi wala haisuisui kwa muda mrefu. Jana ilikuwepo, leo kompyuta inasema haioni diski. Faili lililofutwa kwenye SSD nalo ni gumu kurudi, kwa sababu mfumo huiarifu diski kwamba nafasi ile haitumiki tena, nayo huisafisha. Kwenye Mac za miaka ya karibuni hifadhi imefungamanishwa na ubao mkuu na imefungwa kwa usimbaji. Ubao ukibadilishwa chini ya waranti, mashine inarudi nzima na yaliyokuwemo hayarudi. Windows 11 kuanzia toleo la 2024 nayo huwasha usimbaji wa diski yenyewe kwenye kompyuta nyingi mpya unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Hapo kuna ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Bila huo, hata fundi bora akiichomoa diski yako salama, ataona mchanganyiko usiosomeka. Ingia kwenye akaunti yako leo, uutafute, uuandike kwenye karatasi, na karatasi isikae kwenye begi moja na laptopu.

Wengi wetu mashine zetu zimetumwa na ndugu aliyeko Marekani au Uingereza, au zimenunuliwa Dubai, au ni zile zilizotumika na kukarabatiwa. Programu ya waranti itakuwa imo ndani na inafanya kazi, jambo linaloweza kukufanya uamini kwamba waranti nayo iko hai. Hayo ni mambo mawili. Ingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, uone waranti inaisha lini na ni ya nchi gani. Fanya hivyo kabla hujalipa, ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji. Waranti ya dukani ni kitu kingine tena. Iandikwe kwenye risiti, na iandikwe kama diski imo.

Na ikiwa una nafasi ya kuchagua mpango wa kununua, tafuta neno data kwenye mkataba. Seagate, kwa mfano, huambatanisha na baadhi ya diski zao huduma iitwayo Rescue, ambayo wataalamu wa maabara yao hujaribu kuokoa yaliyomo diski ikiharibika ndani ya muda uliotajwa. Hawakuhakikishii kwamba watafanikiwa, lakini angalau wameahidi kujaribu jambo lenyewe unalolihofia. Kati ya mpango wa namna hiyo na mpango wenye programu kumi za kupima, mimi dada yako ningechukua wa kwanza. Na kati ya mipango hiyo miwili na diski ya nje ya kuwekea nakala, ningenunua diski ya nje kwanza, nikaiunganisha na Time Machine kwenye Mac au na nakala za mafaili za Windows, halafu ndipo nifikirie mengine.

Jambo la mwisho, kwa anayepeleka mashine kituo cha huduma wiki hii. Kwa kawaida diski mbovu ikibadilishwa chini ya waranti, ile ya zamani inachukuliwa na kampuni. Dell wanauza nyongeza ya mkataba inayokuruhusu kubaki na diski yako, na HP nao wanayo ya kwao. Kama hukununua nyongeza hiyo, na vitu vyako bado vimo humo, sema kabla fundi hajaanza kazi. Uliza kama unaweza kulipia ubaki nayo, au mwombe asitishe mpaka upate jibu la watu wa kuokoa data. Ombi hilo liandikwe kwenye fomu ya mapokezi, litiwe sahihi, na nakala ya fomu uondoke nayo mkononi.